Kuzamia katika chumba cha magurudumu ya ndege

Ni kusafiri kwa siri ndani ya nafasi ambamo magurudumu ya ndege hukunjwa baada ya kupaa. Hatari huanza mapema, kwani magurudumu yakiingia yanaweza kumponda mzamiaji. Kwenye kimo cha mita 11,000 hivi, baridi hufikia nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi, na hewa huwa nyepesi mno hata mtu huzimia. Kabla ya kutua, milango hufunguka, naye aliyekufa au kuzirai huporomoka. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 30 Juni 2019: mwili wa mzamiaji aliyetokea Nairobi ulianguka bustanini huko Clapham, London, karibu na mtu aliyekuwa akiota jua. Katika chumba cha magurudumu mlikutwa begi, maji na chakula. Vitu hivyo vingemfaa dhidi ya njaa na kiu, si dhidi ya baridi.

Mwaka 1999 vijana wawili wa Guinea walikutwa wamekufa katika ndege iliyofika Brussels kutoka Conakry. Walikuwa wamevaa nguo juu ya nguo, na walibeba barua kwa wakuu wa Ulaya wakiomba Afrika isaidiwe, hasa shule.

Wachache hupona. Mwaka 2014 kijana mmoja alifika kisiwa cha Maui akiwa hai kutoka San Jose, Marekani, safari ya saa tano hivi. Baridi ileile inayoua ndiyo huenda ilimwokoa, kwani mwili uliopoa sana hutumia oksijeni kidogo.