Muziki wa kupinga vita ulioiteka sinema

Februari 15, 2003, mamia ya maelfu ya watu walifurika mitaa ya London kuipinga vita ya Iraq. Haukupita muda mrefu, Machi ya mwaka huohuo, majeshi yakavamia. Katika kipindi hicho mtunzi wa muziki Max Richter aliandaa albamu ambayo mwenyewe ameieleza kuwa ni kazi ya kuipinga vita hiyo na kutafakari ukatili. Ilitoka 2004 kwa jina la The Blue Notebooks, na ndani yake mlikuwa na kipande cha dakika sita hivi kiitwacho On the Nature of Daylight. Hakikutungwa kwa ajili ya filamu yoyote. Hata hivyo, waongozaji wa filamu wamekichukua tena na tena, na kazi yote ya Richter katika sinema, televisheni na dansi inaeleweka vizuri zaidi ukianzia hapo.

Shule ndefu

Richter alizaliwa 1966 mjini Hameln, Ujerumani Magharibi, akakulia Bedford, Uingereza. Alisomea muziki Chuo Kikuu cha Edinburgh na Royal Academy of Music ya London, kisha akaenda Florence, Italia, kunolewa na Luciano Berio, mmoja wa vigogo wa muziki mpya wa Ulaya.

Mwaka 1989 alishiriki kuanzisha Piano Circus, kundi la wapiga piano sita, akadumu nalo kwa takriban miaka kumi. Humo alizoea muziki wa akina Steve Reich na Philip Glass, ambao hujengwa kwa kurudia kifungu kifupi huku kikibadilika kidogo kidogo. Baadaye akafanya kazi na Future Sound of London, kundi la muziki wa kielektroniki, kwenye albamu ya Dead Cities ya 1996. Hivyo akawa na elimu ya okestra mkono mmoja na mashine za studio mkono wa pili.

Albamu yake ya kwanza, Memoryhouse, aliyoirekodi na okestra ya BBC Philharmonic, ilitoka 2002 na kupita kimyakimya. Hakubadili njia.

Vyombo vitano tu

On the Nature of Daylight kinapigwa na watu watano: fidla mbili, viola moja na selo mbili. Vyombo vya sauti nzito ndivyo vinavyoanza, taratibu, vikizunguka na kurudi palepale. Mzunguko unapoanza upya, fidla inaingia juu yake na wimbo wake. Kisha sauti nyingine inapanda juu zaidi, ilhali chini hakuna kinachoharakishwa. Huzuni imo, lakini msikilizaji halazimishwi kulia. Anaachiwa nafasi ya kuweka majonzi yake mwenyewe.

Nafasi hiyo ndiyo waongozaji wanayoitafuta. Muziki unaoeleza kila kitu humziba mwigizaji; huu unampisha. Ari Folman wa Israeli alikuwa akiisikiliza The Blue Notebooks alipokuwa akiandika Waltz with Bashir, filamu ya katuni kuhusu vita vya Lebanon vya 1982 na mauaji ya Sabra na Shatila. Akamwita Richter aitungie muziki, na mwaka 2008 kazi hiyo ikampatia tuzo ya filamu ya Ulaya ya mtunzi bora.

Mwaka 2010 Martin Scorsese aliweka kipande hicho katika Shutter Island, kikiwa kimeunganishwa na sauti ya Dinah Washington. Mwaka 2016 kikafungua na kufunga Arrival ya Denis Villeneuve. Kilikuwa na nguvu kiasi kwamba waandaaji wa Oscar waliuondoa kwenye kinyang'anyiro muziki wa filamu hiyo, uliotungwa na Jóhann Jóhannsson, kwa sababu ya uzito wa muziki ulioazimwa. Mwaka 2025 kikasikika tena mwishoni mwa Hamnet ya Chloé Zhao, safari hii Richter mwenyewe akiwa ndiye mtunzi wa filamu nzima.

Jukwaani na sebuleni

Kwa kawaida mtunzi wa filamu hupewa picha iliyokwisha kukatwa, akapima muziki wake kwa sekunde. Kwenye dansi ni kinyume: mara nyingi muziki ndio unaotangulia, na kila hatua ya wachezaji hupangwa juu yake. Richter aliingia huko na mbunifu wa miondoko Wayne McGregor. Infra, iliyochezwa na Royal Ballet ya London Novemba 2008, ilitokana na kumbukumbu ya mabomu yaliyoua watu katika usafiri wa jiji hilo Julai 7, 2005. Mwaka 2015 wakaja na Woolf Works, baleti ya sehemu tatu kutokana na riwaya za Virginia Woolf. Inaanza kwa sauti halisi ya mwandishi huyo, iliyorekodiwa na BBC mwaka 1937.

Kwa upande wa televisheni, alitunga muziki wa The Leftovers (2014 hadi 2017), tamthilia kuhusu dunia ambayo asilimia 2 ya watu wake wametoweka ghafla. Wimbo mmoja wa piano ulirudi msimu baada ya msimu, ukibeba msiba usio na kaburi.

Mbali na skrini, Richter alitoa Sleep mwaka 2015, kazi ya zaidi ya saa nane ya kusikilizwa mtu akiwa usingizini, na Voices mwaka 2020, ambamo Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 linasomwa juu ya muziki.

Kazi hizo mbili zinaonyesha kwa nini sinema inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji. Richter hutunga kwanza kile anachoona lazima kisemwe kuhusu vita, msiba na utu, hata pasipo aliyemwagiza. Watunzi wengi hupewa hisia na mwongozaji, wakaitafutia sauti. Yeye waongozaji humkuta tayari ana hisia hiyo na sauti yake, na hilo halipatikani kwa haraka ya mkataba.