Piki ya Gamba la Ng'amba

Marehemu mjomba aliniachia gitaa lililopungukiwa nyuzi mbili na kikopo cha dawa chenye piki nne, vile vipande vidogo vya kupigia nyuzi. Tatu ni za plastiki. Ya nne ina rangi ya asali na mabaka ya kahawia. Fundi wa magitaa aliigeuza mara moja tu, akasema: "Kaka, hii si plastiki. Hili gamba la ng'amba."

Tangu siku hiyo, swali la kila anayeanza gitaa, yaani "piki ipi inanifaa?", limekuwa zito kwangu.

Kwa kawaida jibu ni jepesi. Ukipiga rithim, unachapa nyuzi zote kwa mkupuo, chukua nyembamba, kama milimita 0.5, inapinda, haing'ang'anii nyuzi. Ukipiga solo, chukua nene, kuanzia milimita 1. Haiyumbi, na kila noti inatoka imeshiba. Kama bado hujijui, shika ya katikati, 0.73 hivi. Lakini unene ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kitu piki ilichotengenezwa nacho.

Pwani yetu ililijua gamba la kasa kabla ya gitaa kuwepo. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinalitaja pamoja na pembe za ndovu kati ya mali zilizotoka Rhapta, bandari ya huku kwetu. Lilitengenezewa vitana na mapambo, kisha piki. Wapigaji walilipenda kwa kuwa ni gumu lakini linanyumbuka kidogo, na halikwaruzi uzi.

Seluloidi ililetwa kumpumzisha mnyama mwingine. John Hyatt wa Marekani aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1860 akitafuta mbadala wa pembe za ndovu kwa mipira ya biliadi. Mwaka 1922, Luigi D'Andrea wa New York akaanza kukata piki kutoka kwenye karatasi za seluloidi. Yale mabaka ya kahawia kwenye piki za bei rahisi ni gamba la kuigiza. Mwaka 1977 mkataba wa CITES ulimweka ng'amba kwenye orodha ya wanyama wasiouzwa kibiashara kati ya nchi na nchi. Mwaka 1981 kampuni ya Jim Dunlop ikatoa Tortex, plastiki iliyobuniwa kuchukua nafasi ya gamba.

Wakati huohuo, wapo waliotoa sauti kubwa bila gamba wala seluloidi. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Brian May wa Queen anatumia sarafu ya zamani ya peni sita.

Basi usiku mmoja niliijaribu ile ya mjomba. Nisidanganye: inalia vizuri kuliko zangu zote. Ndiyo maana ng'amba yuko hatarini kutoweka. Hakuna aliyemwinda kwa sababu gamba lake ni baya.

Niliirudisha kikoponi. Siiuzi, sigawi, na sipigi nayo. Napigia ile ya njano, 0.73, na siku uvivu wa kuitafuta ukinishika, natumia kidole gumba.