Watu wa Ziwa Walibishana kwa Maandishi

Kwenye kundi letu la wasomaji, mtu aliuliza swali moja rahisi. Nairobi wana maonyesho yao ya vitabu pale Sarit Centre, London waliwahi kuwa na maonyesho ya vitabu vya mrengo wa kushoto, sasa mbona sisi wa Migori na Homa Bay tusiandae ya kwetu? Wachapishaji huru, vitabu vya siasa, meza chache, hema, basi. Majibu mengi yalikuwa vicheko. Mmoja akasema huku kwetu ukitangaza mkutano wa vitabu watu watauliza kwanza kama kuna soda na nauli. Mwingine hakuwa anatania: alisema mambo ya ujamaa na uchapishaji huru ni ya watu wa chuo kikuu, yameletwa na ndege, na sisi ziwani tunajua samaki, miwa na chama.

La soda ninalikubali. Hilo la pili limenikaa kooni, kwa sababu mabishano makali zaidi ya kimaandishi kuhusu ujamaa katika Kenya huru yaliwahusu watu wawili ambao asili yao ni kaunti hiyohiyo ya Homa Bay.

Twende 1965. Kenya ina uhuru wa mwaka mmoja na miezi. Kila mwanasiasa anajiita mjamaa, na hakuna anayekubaliana na mwenzake ujamaa ni nini. Serikali inatoa Sessional Paper No. 10, waraka kuhusu ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya nchi. Umeandaliwa chini ya Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na waziri ni Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga. Juu ya jalada ni ujamaa. Ndani, mali ya watu binafsi inalindwa, wawekezaji wa nje wanakaribishwa, na kutaifisha ni dawa ya mwisho kabisa.

Kuna aya moja, ya 133, ambayo kila kijana wa Nyanza Kusini angefaa kuisoma kabla ya kupiga kura. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme tayari, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwingine kutafaidika baadaye, faida ikishapatikana. Soma tena pole pole. Aliye na barabara ataongezewa barabara. Reli ya mkoloni haikupita Migori wala Homa Bay, kwa hiyo unaweza kujijibu tulikuwa upande gani wa hesabu hiyo. Sisemi aya moja ndiyo iliyotunyima lami. Walioiba baadaye wasijifiche nyuma ya Mboya. Lakini ilimpa kila ofisa wa Nairobi sababu ya kitaalamu ya kusema ngojeni.

Julai mwaka huohuo, jarida la East Africa Journal la Nairobi likachapisha jibu. Kichwa chake kilizungumzia matatizo yanayoukabili ujamaa wetu, na chini yake kilikuwa cha uhakiki mwingine wa waraka ule. Mwandishi alitia sahihi Barak H. Obama. Ndiyo, baba yake yule wa Marekani. Ukoo wao ni wa Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, na yeye alikuwa mchumi kijana aliyerudi kutoka Harvard.

Niliyasoma makala hayo nikitarajia kelele, nikakuta mtu anayefikiri kwa utulivu. Anauliza, kwanza, huu ujamaa wa Kiafrika mnaousema ni nini hasa, mbona hamjaueleza? Waraka ulisema Afrika ya jadi haikuwa na matabaka na kwamba tuzuie yasizaliwe. Yeye anasema fungueni macho, yameshazaliwa: angalia wanaokula kwenye mikahawa mizuri ya Nairobi, angalia nani anaendesha magari, wengi ni Wazungu na Wahindi, na Waafrika wachache wanaanza kujilimbikizia vilevile. Kuhusu ardhi, serikali ilitaka kuunganisha vishamba na kumpa kila mtu hati yake. Obama aliona heri ushirika unaoanzia kwenye ukoo, kwa kuwa watu tayari wanajua kufanya kazi pamoja. Kuhusu kodi alikwenda mbali: kinadharia, alisema, hakuna kinachoizuia serikali kutoza hata asilimia 100 ya kipato, mradi wananchi wapate manufaa yanayolingana. Sentensi hiyo ilikuja kuwa maarufu miaka 43 baadaye, mwanawe alipogombea urais na wapinzani wa kule wakafukua jarida lile kutafuta ukomunisti wa kurithi. Walisahau kwamba mwishoni mzee anaisifu serikali kwa kuthubutu kutoa waraka wenyewe.

Kinachonivutia zaidi si nani alikuwa sahihi. Mboya na Obama walifahamiana vizuri. Walikuwa watu wa kusalimiana na kutaniana. Hata hivyo mmoja alipotoa hoja iliyochapishwa, mwingine aliijibu kwa hoja iliyochapishwa, hadharani, kwa jina lake, akiwa na kazi ya kupoteza. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi, walionana Government Road, leo Moi Avenue, wakasalimiana. Muda mfupi baadaye Mboya akapigwa risasi nje ya duka la dawa. Obama alitoa ushahidi kwenye kesi ya aliyeshtakiwa. Waziri akazikwa Rusinga, ambako kaburi lake linatembelewa na wanafunzi wanaojua kuhusu ndege za kwenda Marekani na hawajui kuhusu aya ya 133.

Hao wawili bado walikuwa ndani ya ukumbi. Nje kulikuwa na watu waliolipa bei kubwa zaidi. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliendesha Pan African Press, kampuni iliyotoa Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na, hili tulishike, Nyanza Times. Yaani kampuni ya mrengo wa kushoto iliyokuwa Nairobi iliona umuhimu wa kuwa na gazeti linalotazama upande wa ziwa. Pinto aliuawa kwa risasi Westlands tarehe 24 Februari 1965, kwenye lango la nyumba yake, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Inasemekana alikuwa akisaidia kuandaa waraka wa kupinga ule wa serikali. Ni vigumu kwangu kupita Westlands kwenda kuangalia vitabu Sarit bila kulikumbuka lile lango.

Na kabla ya Pinto kulikuwa na Jaramogi Oginga Odinga, ambaye sisi tunamkumbuka kwa mgwisho na kofia, mara chache kwa mashine ya kuchapa. Kampuni ya Luo Thrift aliyoianzisha na wenzake 1947 ilikuwa na Ramogi Press, na ndani ya mtambo huo zilichapwa karatasi za lugha kadhaa za Kiafrika, siyo Dholuo tu. Hisa zilinunuliwa na watu wa kawaida. Leo tukisema mchapishaji huru tunafikiria kijana na laptopu na msaada wa wafadhili. Wale walichanga shilingi kijiji kwa kijiji. Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais 1966 na kuongoza KPU, aliandika tawasifu, Not Yet Uhuru, iliyotoka 1967. Aliyemsaidia kuihariri ni Ruth First, mwanahabari wa Afrika Kusini ambaye makaburu walimuua Maputo kwa bomu la ndani ya bahasha, Agosti 1982.

Babu yangu mdogo, wa upande wa Rongo, alikuwa mwanachama wa KPU. Nilimuuliza kama alikuwa na kitabu cha Jaramogi. Akacheka. "Nyakwara, kitabu? Mimi nilikuwa na kadi tu, na hiyo kadi niliichoma." Ilikuwa Oktoba 1969, baada ya risasi za Kisumu siku rais alipokuja kufungua hospitali. Siku chache baadaye chama kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Mzee hakuongeza neno, akarudi kwenye redio yake. Nikaelewa kitu kuhusu nyumba zetu: tunasema watu wa huku hawaweki vitabu, kumbe kuna kizazi kizima kilichojifunza kwamba karatasi yenye maneno ya siasa ni kitu cha kuchoma kabla ya askari kufika.

Na haikuwa Dholuo na Kiingereza pekee. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kwa Kiswahili, Kenya: Twendapi? Hakuwa Mjaluo, hakuwa na shamba Nyanza, alikuwa tu anakipenda KPU na kuichukia dhuluma. Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani yakatoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo ilimfunga. Kenya ina ucheshi wake.

Sasa hiyo London. Maonyesho ambayo mwenzetu aliyataja yalianza 1982 katika ukumbi wa Islington, yakaendelea hadi 1995. Yaliandaliwa na wachapishaji weusi wadogo kabisa: New Beacon ya John La Rose, Bogle-L'Ouverture ya akina Huntley, na kundi la Race Today. Ukiyaangalia kwa mbali ni mambo ya Karibiani na Uingereza. Ukiyakaribia unatukuta sisi. Bogle-L'Ouverture ndiyo iliyochapisha 1972, kwa ushirikiano na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam iliyoongozwa na Walter Bgoya, kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Na mwaka huohuo wa 1982, walimu wa vyuo vikuu walipokamatwa Nairobi, kamati ya kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya iliundwa London, La Rose akiwa mwenyekiti, Ngũgĩ wa Thiong'o na Abdilatif Abdalla wakiwa miongoni mwa wanaharakati wake. Wakati huo Maina wa Kinyatti anahukumiwa miaka sita kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Basi nani alimletea nani? Waliobeba meza za vitabu London walikuwa wakizungumzia magereza yetu.

Lililonifurahisha ni kwamba maonyesho yale hayakubaki London. Yalipelekwa pia miji kama Manchester na Bradford, kwa wasomaji wasio na nauli ya kufika mji mkuu. Hiyo ndiyo hoja yangu ya Migori.

Mtu atasema huku hakuna historia ya uchapaji. Gendia, kilima kilicho karibu na Kendu Bay, wamisionari Waadventista walifika 1906, na 1913 walikuwa na mtambo wa kuchapa. Carscallen, aliyewaongoza, alikuwa mstari wa mbele kuiandika Dholuo. Nia yao ilikuwa injili na nidhamu, wala siwafanyi wanamapinduzi. Lakini ni mtambo, ulikuwa huku, na watu waliojifunza kusoma kwa karatasi zake hawakuishia kusoma zaburi. Paul Mboya, mchungaji na chifu wa Karachuonyo, alitoa 1938 kitabu cha mila za Wajaluo ambacho wazee bado wanakitumia kumaliza ubishi wa matanga. Baadaye sana, 1982, Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu, akachapisha hadithi za Dholuo na vitabu vya watoto bila kungoja Nairobi imkubalie. Mwanamke, mji wa mkoani, kampuni yake mwenyewe. Kama huyo si mchapishaji huru, neno hilo halina kazi.

Kwa hiyo nimeanza kupanga meza kichwani. Vita Books na maktaba ya Ukombozi ya Nairobi, iliyofunguliwa 2017, wana kitabu kuhusu Pinto na mengine mengi ya aina hiyo. Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Bgoya 1991, wako Dar, na mpaka wa Isebania hauko mbali na Migori mjini. Maboksi yanaweza kupita kama mahindi yanavyopita, ila kwa risiti. Kikwazo cha kweli ni bei. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka asilimia 16 juu ya vitabu, na maduka mengi ya vitabu niliyoingia kutoka Migori hadi Homa Bay yanauza vitabu vya shule, kalamu na sare, kwa sababu hivyo ndivyo mzazi atakopa pesa kununua. Simlaumu mwenye duka. Kitabu cha siasa cha shilingi elfu na mia tano kinashindana na mfuko wa mbolea.

Njia ninayoiona ni kuanza na yale yasiyo na bei. Sessional Paper No. 10 ni waraka wa serikali, ni mali yetu. Aya ya 133 inaingia ukurasa mmoja. Nikitafsiri aya hiyo kwa Kiswahili na Dholuo, pamoja na muhtasari wangu wa hoja za Obama, nachapisha pande mbili za karatasi kwenye duka la fotokopi pale stendi ya Rongo, nakala mia kwa pesa ya chakula cha mchana cha watu wawili au watatu. Siku ya soko nasimama na meza ya plastiki ya kukodi. Homa Bay nitaweka karibu na gati, samaki wanapoteremshwa, maana hapo watu hungoja muda mrefu na hubishana bila kulipwa. Aliyeandika kwenye kundi kuhusu soda ameshajitolea kuileta. Kreti moja, amesema, na yeye mwenyewe atashika upande wa Mboya.