Kitufe cha Deni

Agosti 1994, Pizza Hut iliwafungulia wakazi wa Santa Cruz, California, ukurasa wa intaneti ulioitwa PizzaNet. Mteja alijaza jina, anwani na namba ya simu, kisha agizo likasafiri hadi kompyuta kuu ya kampuni mjini Wichita, Kansas, ndipo likarudi kwenye tawi la mtaani kwake. Aliyeagiza kwa mara ya kwanza alipigiwa simu kuhakikisha kwamba kweli ni yeye. Pesa alilipa pizza ikifika mlangoni.

Simu hiyo ya kuhakikisha niliisoma nikacheka. Sikujua kwamba miezi michache baadaye ingenirudia Dar es Salaam, nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe na simu mkononi, nikimwonyesha programu ya kuagiza chakula niliyoibuni kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Kurasa zake zilikuwa safi: chagua chakula, lipa, subiri bodaboda.

Nilikuwa nimekuja na dodoso. Je, ungependa kupokea oda kwa simu? Mama lishe wote niliowauliza walijibu ndiyo. Niliandika "ndiyo" nyingi sana wiki ile, mpaka mmoja wao akanihurumia. "Mwanangu, umekuja kwangu, umekula wali wangu, unauliza kwa adabu. Nikwambie hapana?"

Niliporudi maktaba nilisoma upya historia ya M-Pesa, ambayo sisi wanafunzi wa teknolojia huisimulia kana kwamba ilizaliwa ikiwa imekamilika. Haikuwa hivyo. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, wateja wakiwa mamia tu, katika Nairobi na Thika. Vodafone na Safaricom walishirikiana na Faulu Kenya, na sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa moja: wakopaji walipe marejesho yao kwa simu.

Susie Lonie, aliyesimamia majaribio hayo, na mwenzake Nick Hughes walieleza baadaye walichokiona. Wasafiri waliweka pesa upande mmoja wakazitoa saa chache baadaye walikofika, wasitembee nazo njiani. Wenye biashara walilaza humo mauzo ya siku kwa sababu benki zilikuwa zimeshafungwa. Mwanamke mmoja, mumewe alipoporwa, alimtumia nauli ya basi ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyewafundisha hayo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, marejesho ya mikopo yaliwekwa kando, na wito kwa wateja ukawa ni kutuma pesa nyumbani.

Basi nikaliacha dodoso. Nilimwomba yule mama aliyenihurumia niwe nafika alfajiri, nimsaidie kuosha sahani. Siku ya tatu nikaliona kaunta buku chini ya ndoo ya mchele. Ndani yake: "Fundi Kofia, wali maharage." "Yule wa Mbeya, wali samaki, chai." Wateja wake wengi ni mafundi wa jengo la jirani, nao hulipwa Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa wanakula kwa jina. Programu yangu, iliyodai malipo kabla ya chakula, ingewafukuza kabla sufuria haijachemka. Hata wenye pesa walipenda kulipa taslimu. Tozo za miamala zilizoanza Julai 2021 bado zilikuwa zinasimuliwa pale kama msiba.

Nilibuni ukurasa mpya: jina la mteja, alichokula, tarehe, na kitufe cha "Atalipa Jumamosi". Nilijivuna, sikatai. Mama aliutazama kwa muda mrefu akifuta mikono kwenye kanga.

"Na haya majina, nani mwingine atayaona?"

Nilidhani ni woga wa teknolojia. Kisha akanisimulia kuhusu mama yake, aliyepika mjini humu enzi mishahara ilipoacha kutosha na wanawake wengi wakaingia kwenye biashara ndogondogo kulisha familia. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, watu wa mjini wasio na kitambulisho cha kazi inayotambulika walikamatwa na kupelekwa mashambani. Mama yake alijifunza kuficha vyombo haraka, na daftari kabla ya vyombo. Ndani yake kulikuwa na majina ya vijana wasio na kitambulisho, na siku walizokula.

Nilipomweleza msimamizi wangu, alisema suala la faragha liwekwe kwenye sura ya mapendekezo, tusonge mbele. Kwenye mchoro wangu data zote zilikwenda kwenye seva ya kukodi iliyo nje ya nchi. Niliufungua tena usiku ule. Nikafuta mstari uliounganisha daftari na seva, madeni yakabaki ndani ya simu ya mama peke yake, na nikaongeza sehemu ya kuandika jina lolote analolitaka, hata Fundi Kofia.

Kesho yake aliandika majina mawili kwa majaribio. La tatu aliliandika kwenye kaunta buku.