Maana ya "Nguvu za Ndani" katika Ngumi za Kichina

Katika habari za ngumi za Kichina, hapana neno lililotiwa chumvi kuliko neno "ndani". Watu husimulia juu ya wazee wamgusao mtu kwa kiganja tu naye akatupwa ukutani, na sababu itolewayo ni kwamba wazee hao wana nguvu za ndani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo lina historia yake, na kwamba nguvu yenyewe, ijapokuwa si muujiza, ni kitu cha kweli.

Yafaa tuanze na maneno. Pale ambapo Kiswahili hutosheka na neno nguvu, Wachina hutenga maneno mawili. La kwanza ni li, yaani nguvu ya misuli aliyo nayo mtu yeyote, hata mchukuzi asiyefunzwa. La pili ni jin, ambalo msomaji asilichanganye na jini wetu: hiyo ni nguvu iliyofunzwa hata ikatii, ikaweza kukusanywa na kutolewa ghafula mahali patakiwapo. Kuitoa huitwa fa jin, na hilo fa asili yake ni kufyatua mshale. Kuna na neno qi, litamkwalo chi, ambalo ni pumzi, hewa au mvuke. Nalo ndilo lililowapotosha wafasiri wengi.

Sasa tutazame historia. Katika mwaka 1669 mwanachuoni Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi ya mpiganaji Wang Zhengnan. Hayo ndiyo maandishi ya kale kabisa yajulikanayo yatengayo ngumi za "nyumba ya ndani" na za "nyumba ya nje". Za nje ni zile za watawa wa Kibuddha wa Shaolin. Za ndani, kwa maneno yake, zilianzishwa na Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao wa mlima Wudang, nazo humshinda mwenye mwendo kwa utulivu. Lakini tukumbuke wakati ule. Wamanchu walikuwa wameutwaa mji wa Beijing mwaka 1644, na Huang alikuwa amewapinga kwa silaha. Tena dini ya Buddha ilitoka India, hali Utao ni wa Wachina wenyewe. Kwa hiyo baadhi ya wanahistoria wameona kwamba "ndani" hapo ni ndani ya nchi, wala si ndani ya mwili: mwenyeji mtulivu amshinda mgeni mwenye mabavu.

Maana ya mwilini ilienea sana baadaye, hasa kwa vitabu vya Sun Lutang (1860–1933), ambacho cha kwanza kilitoka mwaka 1915. Yeye aliziunganisha xingyi, bagua na taiji kuwa ngumi za jamaa moja, akafundisha kwamba zote zajenga kitu kimoja ndani ya mtu.

Je, kitu hicho ni nini? Tukiyafuata mafunzo yenyewe, twaona kwamba pigo huanza chini. Mguu huikanyaga ardhi, goti hunyooka, nyonga na kiuno hugeuka, mgongo hupokea, bega hupitisha, na mkono huwa mlango wa kutokea tu. Kiungo kimoja kikikawia au kikikaza kabla ya wakati wake, nguvu hupotea njiani. Ndiyo maana mwalimu husisitiza kulegea: msuli wa mbele wa mkono ukikazwa, huuzuia ule wa nyuma unaounyoosha, na pigo huenda kama gari lililofungwa breki. Ngumi hukazwa pale inapogusa, pamoja na kutoa pumzi.

Mazoezi yake ni ya subira. Mwanafunzi husimama kama nguzo, magoti yamepinda kidogo na mikono kana kwamba imekumbatia mti, mpaka mwili ujifunze kusimama bila kukaza kisichohitajiwa. Kisha hutembea polepole, husukumana mikono na mwenziwe ili aijue nguvu ijayo kwa kugusa, na katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, hutikisa mti mrefu mpaka ncha yake itetemeke kwa nguvu itokayo kiunoni.

Kutenga ustadi huu na muujiza si jambo dogo. Katika mwaka 1900 wafuasi wa Yihetuan waliamini kwamba pepo wakiwapanda, risasi hazitawadhuru. Wengi walikufa mbele ya bunduki. Imani yao haikutoka katika nyumba ya ndani, lakini aibu yake iliziangukia ngumi zote. Ndipo walipotokea waliotaka kuusafisha ustadi huu. Chama cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kilifundisha hadharani. Na Tang Hao, katika kitabu chake cha mwaka 1930, alionyesha kwamba habari za Zhang Sanfeng kuwa mwanzilishi wa ngumi hazina msingi.

Basi mfasiri wa Kiswahili ana wajibu hapa. Akiandika "nguvu za ndani" pasipo maelezo, msomaji atafikiri habari za uganga. Afadhali jin iitwe nguvu iliyofunzwa, na qi, pale mwalimu azungumziapo kifua na tumbo, iitwe pumzi. Hapo Mchina atapewa heshima anayostahili, yaani heshima ya fundi aliyeisumbukia kazi yake miaka mingi.