Hoja ya Mteja: Neno la Kiswahili kwa Kinachoitwa Tiketi

Katika ofisi nyingi za huduma kwa wateja siku hizi utasikia watumishi wakiambiana: "Fungua tiketi," "Tiketi hii ni ya nani?" au "Tiketi za juzi bado hazijafungwa." Asiye wa ofisi hiyo atashangaa, maana tiketi anayoijua yeye ni ya basi, boti au mpira, nayo haifunguliwi wala haifungwi. Neno limekuja pamoja na programu za kupokea na kufuatilia mambo ya wateja: RT, ambayo Jesse Vincent alianza kuiandika mwaka 1996, OTRS ya Ujerumani, osTicket, inayopatikana bure, na Zendesk, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 2007. Mafundi wetu wamelipokea kama walivyolikuta. Kwao linatosha, lakini mteja anayetumiwa ujumbe wa "Tiketi yako imefungwa" anastahili neno analolielewa.

Kwanza dhana yenyewe. Tiketi, kwa maana hii, ni rekodi ya jambo moja la mteja mmoja, tangu linapopokelewa hadi linapomalizika. Ndani yake kuna namba ya peke yake, jina la mteja, njia aliyotumia kuwasiliana, saa ya kupokelewa, hali ya sasa, mtumishi aliyekabidhiwa, na mazungumzo yote yaliyofanyika.

Tuchukue duka la vifaa vya sola Mwanza. Saa 2 asubuhi mteja anaandika kwa WhatsApp: "Habari za asubuhi. Ile betri niliyonunua kwenu haishiki chaji tangu juzi." Saa 4 hajajibiwa, anapiga simu. Mchana anatuma baruapepe yenye picha ya risiti. Kama duka halina utaratibu, jambo hilo moja limeshakuwa mambo matatu mikononi mwa watu watatu. Mmoja anamwahidi fundi kesho, wa pili anamwomba risiti ambayo ameshaituma, wa tatu anamwambia ailete betri dukani. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyekaa bure, ila mteja ameshaamini kwamba duka hilo halina mwenyewe.

Programu huziunganisha njia hizo tatu katika rekodi moja. Kiungo ni namba. RT, kwa mfano, huiweka namba ndani ya mabano ya mraba kwenye kichwa cha baruapepe. Mteja akijibu bila kuyagusa mabano hayo, programu huisoma namba na kulipeleka jibu mahali pake. Akiyafuta, jibu lake hupokelewa kama jambo jipya, na mtumishi hulazimika kuziunganisha rekodi mbili kwa mkono. Kwa simu na WhatsApp, mara nyingi namba ya simu ya mteja ndiyo inayosaidia kumtambua.

Baada ya hapo rekodi hupita hali kadhaa: mpya, inashughulikiwa, inamsubiri mteja, imetatuliwa, imefungwa. Hali mbili za mwisho zisichanganywe. Imetatuliwa maana yake mtumishi anaona amemaliza kazi. Imefungwa maana yake mteja amekubali, au muda aliopewa wa kusema "bado" umepita. Mahali pengi ugomvi kati ya ofisi na mteja huzaliwa katikati ya hali hizo mbili.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Anayejua kazi za masjala ataitambua kila hatua. Barua ikiingia hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, huwekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio, kisha jalada hupelekwa kwa afisa anayehusika. Jibu likitoka hubeba Kumb. Na., na aya yake ya kwanza huanza kwa "Tafadhali rejea barua yako yenye kumbukumbu namba" fulani, ya tarehe fulani. Masjala, msajili na usajili ni maneno ya ukoo mmoja, na kazi yao ni moja: kuhakikisha kilichoingia hakipotei na aliyekipokea anajulikana. Kwa hiyo Kiswahili kina msamiati wa kazi hii tayari, tena uliozoeleka. Hakuna sababu ya kwenda kuutafuta kituo cha mabasi.

Istilahi nzuri hujulikana kwa vitenzi inavyovikubali. Tiketi hukatwa, huoneshwa mlangoni, hupitwa na wakati. Isitoshe, tiketi hukaa mfukoni mwa abiria, ilhali rekodi tunayoizungumzia hukaa ofisini na mteja hubaki na namba tu. Hata maandishi yake hayajatulia: wapo wanaoandika tikiti badala ya tiketi, na tikiti ni tunda pia. Jalada lina vitenzi vyote vinavyotakiwa, maana hufunguliwa, hukaa mezani kwa mtu, hufungwa. Lakini mteja aliyeuliza bei ya betri akiambiwa amefunguliwa jalada, atawaza polisi. Shauri lingefaa, kwa kuwa mahakama husajili mashauri na kuyapa namba, lakini mtaani "shauri yako" ni kauli ya kumtupia mtu mzigo wake mwenyewe. Hiyo si kauli ya kumpokelea mteja. Suala ni pana mno. Tunasema suala la maji au suala la ajira, na suala la namna hiyo halina siku ya kufungwa.

Neno ninalolipendekeza ni hoja, na kwa ukamilifu wake hoja ya mteja. Ofisi za Tanzania zimelitumia kwa maana iliyo karibu sana na hii katika ukaguzi wa hesabu. Hoja za ukaguzi huibuliwa, hupewa namba, hujibiwa kwa vielelezo, na hufungwa mkaguzi anaporidhika. Ambayo haijafungwa huhesabika na huulizwa mwaka unaofuata. Ndivyo hasa programu inavyofanya. Neno hili pia linabeba swali, ombi na lalamiko bila kumhukumu mteja kabla hajasikilizwa. Udhaifu wake ni kwamba halipokei pongezi vizuri, na wapo watakaolisikia kama mwanzo wa mabishano. Ndiyo maana naliambatanisha na "ya mteja": humkumbusha msomaji hoja ni ya nani.

Ndani ya hoja za wateja kuna mgawanyo mmoja unaostahili kutunzwa. Mwongozo wa ITIL wa kusimamia huduma za kompyuta, ulioanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980, ulitenganisha waziwazi katika toleo lake la 3 la mwaka 2007 kitu kilichoharibika na huduma inayoombwa. Kwa Kiswahili, hitilafu na ombi la huduma vinatosha. Betri isiyoshika chaji ni hitilafu, na kuomba betri ya pili ni ombi. Hitilafu huanza kwa kuuliza mteja amekwama kiasi gani, na ombi huanza kwa kuuliza nani anaidhinisha. Ofisi inayovipanga kwenye foleni moja humchelewesha aliyekaa gizani.

Maneno mengine hayahitaji kubuniwa. Hoja hukabidhiwa kwa mhudumu, naye akishindwa huipandisha ngazi ya juu. Majibu yanayojirudia huandikiwa kiolezo. Mteja hupewa namba ya kumbukumbu. Muda ambao ofisi imejifunga kujibu ndani yake ni muda wa ahadi, na taasisi za umma Tanzania tayari huutangaza katika Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Katika programu nyingi saa ya ahadi husimama hoja ikiwekwa kwenye hali ya kumsubiri mteja, kwa hiyo hali hiyo itumike kwa uaminifu, pale tu mteja anapodaiwa jibu kweli.

Neno zuri peke yake halitoshi. Kauli ya kutendwa ya Kiswahili humficha mtenda kwa urahisi. "Jambo lako linashughulikiwa" ni sentensi kamili ambayo ndani yake hamna mtu, na wateja wetu wamejifunza kutoiamini. Programu, kinyume chake, ina nafasi ya kujaza jina la mhudumu na nafasi ya kujaza saa ya ahadi. Vitu hivyo viwili vimfikie mteja. Ujumbe wa kwanza uandikwe hivi: "Tumepokea hoja yako kuhusu betri. Namba yako ya kumbukumbu ni hii. Anayeishughulikia ni fulani, na atakujibu kabla ya saa 10 jioni leo." Ofisi itakayouandika ujumbe huo na kuutimiza itakuwa imeitafsiri tiketi vizuri kuliko kamusi yoyote.