Jinsi ya kumjenga mhusika imara katika mchezo wa Elden Ring

MWANZO wa ngoma ni lele. Katika mchezo wa video wa Elden Ring, maamuzi ya saa za kwanza humfuata mchezaji kwa muda mrefu.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware mnamo Februari 25, 2022, chini ya uelekezi wa Hidetaka Miyazaki. Mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin, alishiriki kubuni visasili vya ulimwengu wake.

Unasifika kwa ugumu, na hauna kiwango chepesi ambacho anayeanza anaweza kukichagua. Kinga yake kuu ni jinsi anavyomjenga mhusika wake.

Asili ya mhusika

Mchezaji huchagua moja kati ya asili 10. Anayependa upanga na ngao hufaidika na Vagabond, ambaye huanza katika daraja la 9 akiwa na uhai wa pointi 15. Ngao yake huzuia pigo lote la silaha ya kawaida, mradi pumzi isimwishie.

Samurai naye ana upanga mkali wa Kijapani pamoja na upinde, hivyo anaweza kumdhuru adui akiwa mbali. Astrologer hutegemea uchawi. Hupiga kutoka mbali lakini ana uhai wa pointi 9 pekee.

Asili ya kuepukwa na mgeni ni Wretch. Huyu huanza katika daraja la 1, bila mavazi ya vita, mkononi akiwa na rungu tu.

Sifa nane

Kila mhusika ana sifa nane. Vigor ni uhai, Mind ni akiba ya nguvu za uchawi, nayo Endurance ni pumzi na uwezo wa kubeba mzigo. Strength ni nguvu za mwili na Dexterity ni wepesi wa mkono. Intelligence huendesha uchawi, Faith huendesha dua, na Arcane, miongoni mwa mambo mengine, huongeza nafasi ya kuokota vitu.

Kosa la kawaida ni kuongeza nguvu za kupiga na kusahau uhai. Adui wa baadaye huweza kumwangusha mhusika dhaifu kwa pigo moja au mawili, na upanga mkali haumsaidii marehemu.

Uhai ukifika pointi 40, mhusika huwa na kipimo cha afya cha 1,450. Ukifika 60, huwa 1,900. Kutoka 60 hadi kikomo cha 99, huongezeka kwa 200 tu. Kwa hivyo, ni busara kuufikisha uhai 40 mapema, kisha kuchagua sifa moja au mbili za kushambulia. Mwenye kutaka kila kitu huishia kuwa dhaifu katika vyote.

Silaha na mzigo

Kila silaha huonyesha kwa herufi jinsi inavyonufaika na sifa fulani. S ndiyo bora zaidi na E ndiyo ya chini. Aidha, kushika silaha kwa mikono miwili huzidisha nguvu za mhusika kwa nusu. Mwenye nguvu 10 anaweza basi kutumia silaha inayohitaji 15.

Mwanzoni, kuinoa silaha kwa mawe ya uhunzi huleta faida kubwa kuliko kupanda daraja moja. Meza iliyo katika Church of Elleh huifikisha silaha kiwango cha 3. Zaidi ya hapo, ni lazima kumwendea mhunzi, kama vile Hewg katika Roundtable Hold.

Mzigo nao usipite asilimia 70 ya uwezo wa mhusika. Ukipita, kubingirika kwake kukwepa pigo huwa kuzito.

Kulinda mapato

Maadui wakiuawa hutoa runi, ambazo ni fedha na pia gharama ya kupanda daraja. Mhusika akifa, runi zote alizobeba hubaki alipoangukia. Akifa tena kabla ya kuziokota, hupotea kabisa. Kwa hivyo, zitumiwe kabla ya kukabili adui mkubwa.

Isitoshe, kukimbia si aibu. Askari wa dhahabu aliyepanda farasi, anayemlaki mgeni katika eneo la Limgrave, anaweza kupitwa na kurudiwa baadaye.

Aliyekosea kugawa pointi bado ana njia. Akimshinda Rennala katika chuo cha Raya Lucaria, anaweza kuzigawa upya, ila kila mara hugharimu kifaa kiitwacho Larval Tear. Idadi ya vifaa hivyo ina kikomo, na asili aliyoichagua mwanzoni haibadiliki.